BETRI HAIJAI: TUTAFUTE WAPI?

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mtambile, Pemba)



Nimetakiwa nizungumze jambo litakalowafaa wenye gari na wanaosoma fizikia pia. Nimechagua betri isiyojaa. Hapa Mtambile tuko njiani baina ya Mkoani na Chake Chake. Mchana gari za abiria zinapita, na usiku gari ya jirani ndiyo inayompeleka mgonjwa au mja mzito Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Gari ikigoma kuwaka saa nane za usiku, msiba huo si wa mwenye gari peke yake.

Desturi yetu inajulikana. Gari ikikataa kuwaka, twaisukuma. Ikikataa siku ya tatu, twanunua betri mpya. Baada ya muda mfupi betri mpya nayo imelala, na fedha zimekwisha. Neno langu leo ni moja: tupime kwanza, tununue baadaye. Mita ya kupimia volti ni rahisi mno kuliko betri. Tuufuate umeme tangu unapotoka mpaka unapofika, kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: je, alteneta inatoa umeme? Gari ikiwa imepumzika saa kadhaa, betri nzima iliyojaa husoma kiasi cha volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Sasa washa injini, ongeza mafuta kidogo, upime tena hapo hapo kwenye betri. Gari nyingi husoma baina ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, betri hailishwi. Anza na mkanda: umelegea, umechakaa, au umeingia mafuta? Kisha tazama fyuzi, waya za alteneta, na ile taa nyekundu ya betri, ambayo hutakiwa kuwaka ukifungua ufunguo na kuzimika injini ikinguruma. Mwisho ndipo ufikirie kaboni na riguleta. Na mita ikipita 15, hilo nalo ni gonjwa: riguleta imeharibika, na betri inachemshwa mpaka maji yake yanakauka.

Hapa nina onyo. Wapo wanaojaribu alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inakwenda. Tuache. Volti huruka juu ghafla na kuunguza dayodi za alteneta na vyombo vingine vya gari.

Swali la pili: umeme unafika? Pima kwenye alteneta, kisha kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Kisiwani kwetu hewa ina chumvi, na vichwa vya betri huota ukoko mweupe au wa kijani. Fungua waya hasi kwanza, osha kwa maji ya moto yenye magadi bila ya kuyaingiza ndani ya betri, piga brashi, kaza, upake grisi. Usiusahau waya unaounga injini na bodi.

Jambo hili huonekana zaidi katika gari za matangazo na za harusi, zenye betri ya pili huko nyuma kwa ajili ya vipaza sauti. Vijana, shikeni kalamu. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ukienda mita 5 na kurudi mita 5, una ukinzani wa omu 0.07. Zikipita ampea 15, volti moja nzima hupotea. Alteneta inatoa 14.2, betri ya nyuma inapata 13.2, na haijai hata uende Konde urudi. Tia waya wa milimita mraba 10, na kinachopotea ni kiasi cha robo volti tu. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm mnayoiandika ubaoni.

Swali la tatu: nani anakunywa? Vipaza sauti vinavyokula ampea 10 kwa saa tatu, injini ikiwa imezimwa, vimemaliza ampea-saa 30, yaani nusu ya betri ya 60. Safari fupi ya kurudi nyumbani haiwezi kuzirudisha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe kinavuja. Basi zima gari, funga milango, unga ampea-mita baina ya betri na waya wake hasi. Gari ikishatulia, sehemu chache za mia za ampea si kitu. Nusu ampea humaliza betri hiyo ya 60 kwa siku tano. Chomoa fyuzi moja moja. Ile itakayoishusha mita ndiyo njia ya mwizi.

Maswali yote matatu yakijibiwa vizuri na betri bado hailali na chaji, hapo ndipo tuseme betri imekufa. Betri ya risasi na asidi, aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haipendi kuachwa tupu: chumvi ya risasi hugandamana kwenye sahani zake na haitoki tena. Iongezwe maji yaliyotoneshwa, si ya kisima, maana ya kisima yana chokaa na chumvi. Ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara na kibiriti viwe mbali.

Na iliyokufa isivunjwe uani ili kuyeyusha risasi ya chubwi. Moshi na vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto, na haurudi ulivyokuwa. Tuirudishe kwa muuzaji au mnunuzi wa betri kuukuu.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Sisi wa zamani tuchangishane, kila darasa litoe mita moja kwa maabara ya skuli. Na nyinyi vijana, mkishazizoea, nendeni mkaipime gari ya jirani kabla hajauza mbuzi wake kununua betri asiyoihitaji.