Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Maneno ya Katibu katika mkutano wa sherehe ya miaka 10)



Leo chama chetu kikuu chatimiza miaka 10. Walionitangulia kusema wameeleza vema habari za pamba, mikopo na maghala, nami sina la kuongeza katika hayo. Kwa idhini yenu nitasema juu ya mali moja isiyopimwa kwa mizani, nayo ni historia yetu wenyewe.

Yanipasa nianze kwa kuungama kosa. Mwaka wa kwanza wa ukatibu wangu nilikuta katika ghala la chama kimoja cha msingi rundo la madaftari ya kale, yaliyoanza kuliwa na mchwa. Niliyaona kuwa ni takataka, nikaamuru yachomwe tupate nafasi ya kuweka mbegu. Baada ya miezi michache akaja mama mmoja mjane kuuliza habari za hisa za marehemu mumewe. Stakabadhi hakuwa nayo; alijua tu kwamba jina la mumewe liliandikwa katika kitabu chenye jalada jekundu. Kitabu hicho nilikikumbuka, kwani nilikiona kikiungua.

Kamati iliwaita wazee watatu waliomfahamu marehemu, na kwa ushahidi wao yule mama akapata haki yake. Walakini wawili katika wazee wale wamekwisha kufariki. Kama angekuja mwaka huu, tungemjibu nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilijifunza methali hiyo shuleni, lakini nilikuja kuielewa siku ile.

Ndugu wanachama, chama chetu ni kichanga, bali ushirika katika Usukuma si mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima alipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara, akatajiwa uzito, akapokea alichopewa. Wakulima wakaungana, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha mizani. Kutokana na juhudi hizo, zikiongozwa na watu kama Paul Bomani, vyama vya msingi vikaenea, na mwaka 1955 likaanzishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililopata sifa hata nje ya nchi.

Habari hizo zimo vitabuni. Lakini ni nani aliyekaa penye mizani katika kijiji chako? Mkutano wa kwanza ulifanyika chini ya mti gani? Hayo hayamo katika kitabu chochote. Yamo vifuani mwa wazee. Tena tukumbuke kwamba katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, wakayaacha mahame yenye majina ambayo vijana hawayajui. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, hata sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Chama kinapovunjwa, madaftari yake hubaki bila mwenyewe.

Pengine mtu atasema kwamba kazi hii ni ya wasomi. Sivyo. Tazameni Bujora, karibu na Kisesa. Padri David Clement na wazee wa Kisukuma walianza kukusanya ngoma, viti na vifaa vya watemi, na leo wajukuu zetu huenda huko kujifunza asili ya Bagika na Bagalu. Wangengoja wasomi, vingi katika vitu vile vingekwisha kuwa kuni.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na sanduku la bati lenye kufuli, ambamo madaftari ya kale na kumbukumbu za mikutano zitawekwa, wala katibu asichome karatasi yoyote bila idhini ya mkutano. Pili, kila baada ya mavuno, vijana wetu waliosoma wawaendee wazee, wanaume kwa wanawake, wayaandike wanayosimulia, pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Tatu, yaliyoandikwa yasomwe mbele ya mkutano mkuu, kwani habari iliyofungiwa sandukuni bila kusomwa ni sawa na mbegu isiyopandwa. Tena kosa likiwamo, wenye kujua watalisahihisha.

Wala tusiandike sifa tupu. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza malalamiko ya wakulima juu ya vyama vyao wenyewe. Tukificha makosa ya viongozi na makarani, nasi tukiwa miongoni mwao, watoto wetu watayarudia. Pamba safi huwekwa kando na pamba fifi, lakini zote mbili hupimwa na kuandikwa.

Bwana Mwenyekiti, juu ya meza ya karani, karibu na mlango, nimeweka daftari jipya. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika jina la marehemu mume wa mama yule, na hisa zake, kama wazee walivyoshuhudia. Kurasa zilizobaki ni zenu. Nawaomba wazee wetu wasiondoke leo kabla hawajatuachia neno.