Tunachora Habari za Mtaa Wetu

(Mazungumzo mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Kibiti)



Sisi tumetoka deltani, kule mto Rufiji unakogawanyika kabla ya kuingia baharini. Tumeombwa tuzungumze juu ya kazi yetu ya kuchora. Tunajua wapo wanaocheka: watu wazima, wana wajukuu, eti wanachora! Ndiyo, tunachora. Tunachora habari za mtaa. Mashua iliyokwama maji yalipokupwa, viboko walioingia katika mpunga, kisima kilichogeuka chumvi, mtoto aliyeanza shule.

Tulipohitimu kisomo tulijua kusoma na kuandika, lakini habari ndefu ilitushinda. Mistari mitatu tu, mkono unauma. Tukaona afadhali nusu ya habari iwe picha, nusu iwe maneno. Chini ya kila picha tunaandika tarehe, mahali na jambo lenyewe. Picha isiyo na tarehe, ukikaa mwaka mmoja, hata aliyeichora hajui ni ya lini.

Vifaa vyetu mnavyo nyumbani. Karatasi ni mifuko ya saruji, ile ya karatasi, tunaikung'uta na kuipasua iwe bapa. Mistari ni ya makaa. Rangi ya kahawia inatoka kwenye gome la mkandaa lililochemshwa; tunaokota magome ya miti iliyoanguka, hatubandui miti mizima, maana mikoko ndiyo ngao yetu. Buluu ni ile ya kufulia nguo. Halafu tunabandika: chane za ukindu zilizobaki katika mikeka, vipande vya kanga kuukuu, magamba ya samaki. Gundi ni uji mzito wa muhogo. Ukindu sharti uwe umechemshwa pamoja na rangi yake kama wa mkeka, la sivyo ukipata unyevu rangi inachuruzika, karatasi nzima inakuwa zambarau. Mende nao wanaupenda uji ule. Tunautia maji ya majani ya mwarobaini, na wamepungua, ingawa hawajaisha.

Karatasi zote tunazitunza, hata zile mbaya. Ukizipanga kwa tarehe unaona tulikotoka. Za mwanzo watu ni vijiti, mtumbwi kama ndizi. Dungu la kulindia mpunga linaelea hewani kama tiara! Mama mmoja akasema, jamani, hebu twendeni shambani tukatazame mguu wa dungu unavyoingia majini. Tukaenda, tukatazama mpaka jua likawa kali. Karatasi ya wiki ile dungu limesimama. Maji tumeyafanya kwa chane zilizolazwa, ukungu kwa makaa yaliyosuguliwa kwa kidole.

Kutumia kilichopo si jambo geni nchini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta ya kawaida juu ya vipande vya ubao. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake duniani. Yeye alikuwa fundi. Sisi bado tunajifunza miguu ya madungu.

Lipo jambo lililotaka hekima. Mzee mmoja alituambia hapendi sura za watu zitundikwe ukutani, kwa sababu ya dini. Hatukubishana naye. Tunachora watu kwa mgongo, na kwetu mtu anajulikana kwa kanga yake na mwendo wake. Lakini kwa kuwa anajulikana, tunamwuliza kwanza. Akikataa, hatuchori. Ya ndani ya nyumba ya mtu hatuyagusi kabisa. Mvuvi mmoja alikubali kwa sharti kwamba samaki wake aongezwe urefu. Hilo tulilikataa.

Sasa tuseme la mafuriko. Aprili 2024 maji yaliingia Rufiji na Kibiti, yakachukua mashamba na nyumba. Siku zile mwenzetu mmoja, amekimbilia juu na watoto, alikuwa kila asubuhi anachora ngazi ya dungu moja lililoonekana kutoka pale: vipandio vingapi viko nje ya maji, na maji yamefika mti gani. Alichora karatasi tisa. Wengine walimwona kachanganyikiwa, watu wanatafuta chakula, yeye anatafuta makaa.

Maji yalipokwisha, majirani wakataka kujenga ghala la mbegu ya mpunga. Vijana walitaka liwe karibu na bandari ya mitumbwi, mzigo usisumbue. Wazee wakasema mwaka 1998 maji ya El Nino yalifika pale. Vijana wakajibu, hiyo ni hadithi ya zamani. Palikuwa na maneno makali, na mbegu ndiyo chakula cha mwaka ujao, si mchezo. Ndipo zile karatasi tisa zikatandazwa juu ya mkeka. Kila mtu alisoma tarehe mwenyewe, kwa sauti. Karatasi ya saba inaonyesha maji yamepita bandari, yamefika shina la mwembe. Hapakuwa na la kubishana. Ghala likajengwa juu ya mwembe.

Wanaobeba magunia bado wanalalamika, na wana haki, kile kipando kinachosha. Tumewachora nao, kwa mgongo, na ruhusa walitoa.

Basi ndugu zetu wa Kibiti, huku kwenu nyumba nyingi zinajengwa. Mifuko mitupu ya saruji msiichome. Tuwekeeni, tutakuja kuichukua siku ya gulio. Na atakayependa kujifunza, aje na kipande chake cha makaa.