Mgeni Mwenye Kiingereza na Mwalimu wa Darasa

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, makazi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro



Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo limejadiliwa sana katika mikutano ya wazazi. Nalo ni ombi la kuletewa walimu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, ili wasaidie katika shule zetu za msingi. Wazazi wengine wamelisema kwa kifupi: "Tuleteeni Mzungu." Walimu wengine wameliona ombi hilo kuwa ni dharau. Jibu langu ni hili: mgeni na aje, lakini aje kwa mwalimu kwanza, ndipo aende kwa mtoto. Naomba nieleze sababu zangu.

Kwanza, wazazi wana haki ya kuwa na wasiwasi. Sisi sote tunajua mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, yaani PLE. Una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Yote manne huulizwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa kule Kivu au Burundi, akajua kugawanya na kuzidisha vizuri, akifika hapa huonekana kama hajui kitu. Hurudishwa madarasa ya chini, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye kwa miaka mitatu au minne. Msichana wa miaka kumi na minne aliye P.3 hukata tamaa upesi, na wengine huishia kuolewa. Kwa hiyo mzazi anayelilia Kiingereza hatafuti sifa, anatafuta njia ya kumtoa mtoto wake. Na wale wanaongojea kuhamishiwa Marekani, Kanada au Australia wana sababu ya zaidi.

Tena ni haki yetu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unasema mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na raia. Uganda imelishika jambo hilo: watoto wetu na watoto wa wenyeji wa Isingiro hukaa kwenye dawati moja. Lakini kukaa dawati moja si kuelewa somo moja.

Pili, ombi hili si jipya katika Uganda. Januari mwaka 1961 ulifanyika mkutano mkubwa Makerere, Kampala, wa nchi za Jumuiya ya Madola, juu ya kufundisha Kiingereza. Miaka mingi baadaye, mwaka 1992, mtaalamu mmoja Mwingereza, Robert Phillipson, aliandika kitabu kinachochunguza mawazo yaliyotawala mkutano ule. Moja ya mawazo hayo lilikuwa kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho. Yeye alilihesabu wazo hilo kuwa ni kosa. Angalieni, ndugu zangu: wazo tunalolisikia leo chini ya miti ya Nakivale lina zaidi ya miaka sitini, na aliyelipinga ni mwenye lugha mwenyewe.

Mwaka ule ule wa 1961 ulianza mpango wa Teachers for East Africa. Walimu kutoka Marekani na Uingereza waliletwa kufundisha shule za sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika. Walifanya kazi nzuri, na wazee wengi waliosoma zama zile huwakumbuka. Lakini mgeni ana siku ya kuondoka. Ndiyo maana baadaye ulikuja mpango mwingine wa kupeleka wakufunzi katika vyuo vya ualimu, ili wenyeji wafundishwe kufundisha. Mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, watu wa Peace Corps waliondolewa Uganda. Mahali ambapo mwenyeji alikuwa ameandaliwa, darasa liliweza kuendelea. Mahali ambapo kila kitu kilimtegemea mgeni, ubao ulibaki mtupu.

Hata nchi zenye fedha zimejifunza hivyo. Hong Kong walianza kuweka walimu wazawa wa Kiingereza katika shule za msingi mwaka 2002. Hawakuwafukuza walimu wao. Walitaka mgeni na mwenyeji wapange somo pamoja na waingie darasani pamoja. Na jirani zetu Rwanda, walipoamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza, walihitaji watu wa kuwasaidia walimu shuleni. Baadhi ya watu hao walitoka Uganda na Kenya. Hao hawakuzaliwa London. Walikuwa watu waliojifunza Kiingereza kwa jasho, kama wewe na mimi.

Tatu, naomba niwaonyeshe kazi ya lugha ndani ya darasa letu, kwa mifano midogo.

Mtoto wa Kikongo au wa Kirundi husema, "My mother, he is sick." Mgeni atamsahihisha: "She!" Kesho mtoto atarudia. Kwa nini? Kwa sababu katika Kiswahili "yeye" ni mwanamume na "yeye" ni mwanamke, na Kirundi, Kinyarwanda na Runyankore ni vivyo hivyo. Mwalimu anayejua lugha hizi atamwambia mtoto: "Kiingereza kimegawanya 'yeye' mara mbili, kwanza uliza ni baba au ni mama." Hapo mtoto amepata ufunguo. Lakini mtoto wa Kisomali hana tatizo hilo, maana lugha yake hutenganisha. Tatizo lake ni jingine: Kisomali hakina sauti ya "p", kwa hiyo "paper" huwa "baber". Na mtoto wa Kinyarwanda huchanganya "l" na "r", hata akasema nyumbani wamekula "lice", yaani chawa, badala ya "rice".

Mfano mwingine. Mwalimu mgeni anamwuliza mtoto kwa Kiingereza, "Didn't you bring your book?" Mtoto anajibu, "Yes." Mgeni anangoja daftari, halitoki. Anafikiri mtoto ni mwongo. Kumbe mtoto amejibu kwa adabu ya Kiswahili: "Hukuleta daftari?" "Ndiyo, sikuleta." Mtoto anaweza kuadhibiwa kwa kusema kweli!

Na katika Hisabati: "Juma alikuwa na maembe 12, akatoa 5. How many are left?" Mtoto aliyefundishwa kwamba "left" ni kushoto anatafuta maembe ya mkono wa kushoto. Kutoa anakujua sana. Neno moja limemfunga.

Ndugu zangu, makosa haya yote yana mizizi, na anayeiona mizizi ni mwalimu aliyepita njia ile ile. Mimi mwenyewe nilisomea ualimu chuoni kwa Kifaransa, nikajifunza Kiingereza nikiwa mtu mzima. Najua mahali penye utelezi kwa sababu nimepapita.

Nne, je, mgeni hana lake? Analo, tena kubwa. Ana sikio. Anajua neno gani husemwa na watu na neno gani limebaki vitabuni tu. Akisoma hadithi kwa sauti, watoto husikia mapigo ya lugha, mahali pa kupanda na pa kushuka. Tena kwa kuwa hajui Kiswahili, mtoto hulazimika kufungua kinywa, hawezi kujificha. Na sisi walimu tunahitaji hayo kuliko watoto. Wengi wetu tunajua sarufi ya Kiingereza lakini tunaogopa kukisema mbele ya mkaguzi. Mwalimu anayeogopa lugha huandika ubaoni, watoto wakanakili, kengele ikalia. Darasa la namna hiyo ni bubu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matano, na naiomba Kamati iyapeleke mbele.

La kwanza: mgeni asipewe darasa peke yake. Awe na mwalimu wa darasa, wapange somo pamoja, wafundishe pamoja. Hili pia linakubaliana na kanuni za ulinzi wa mtoto, ambazo kila mgeni azisome na kuzitia sahihi kabla ya kuingia shuleni.

La pili: mara mbili kwa juma, baada ya masomo, kuwe na saa ya walimu. Hapo mgeni atufundishe sisi kusema, kusikiliza na kusoma kwa sauti. Mtoto mmoja akisaidiwa, amesaidiwa mmoja. Mwalimu mmoja akisaidiwa, kila mwaka darasa zima linapata, na mgeni akishaondoka bado linapata.

La tatu: mgeni wa kufundisha akae angalau muhula mmoja kamili. Anayekuja kwa majuma mawili tunamkaribisha kwa moyo, lakini huyo asome hadithi na kuzungumza na watoto. Mpango wa somo asiuguse.

La nne, na hili nawaambia hasa wafanyakazi wa mashirika. Tangu misaada ilipopungua sana mwaka 2025, kila shilingi inagombaniwa. Kama kuna fedha za jambo moja tu, msiache wasaidizi wa darasani ili kumleta mgeni. Msaidizi anayejua Kiswahili, Kinyarwanda au Kisomali ndiye daraja la mtoto aliyefika juzi. Wako pia katika makazi haya walimu wenye vyeti vya Kongo na Burundi wanaolima mahindi kwa sababu vyeti hivyo bado havijatafsiriwa na kulinganishwa na vya Uganda. Wasaidieni gharama za kulinganisha. Hao ni walimu ambao hawahitaji tiketi ya ndege.

La tano ni la wazazi. Msiiue lugha ya nyumbani kwa kutafuta Kiingereza. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 wenyewe unataka watoto wa P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao panapowezekana, kisha P.4 iwe mwaka wa kuvuka. Hapa kwetu ni vigumu, maana darasa moja lina lugha tano au sita. Kwa hiyo sehemu hiyo ya kazi imeangukia nyumbani. Mtoto aliyejua kusoma kwa Kiswahili hajifunzi kusoma mara ya pili. Anajifunza maneno mapya tu. Na Kiswahili si lugha ya kuonea haya: mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Basi jioni mwambieni mtoto hadithi, naye awasomee alichoandika.

Ndugu Mwenyekiti, wakimbizi wamekaa Nakivale tangu miaka ya mwisho ya 1950. Wageni wengi wamekuja kutusaidia na wakaenda zao, nasi tunawashukuru. Mwalimu wa darasa ndiye anayefungua mlango Jumatatu, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Mpeni huyo lugha, naye atawapa watoto.

Mungu awabariki, na aibariki Uganda iliyotupokea.