Kona ya Nne: Kurekebisha Msumeno wa Pembe

(Mazungumzo ya seremala mmoja wa Malaba mbele ya vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niseme juu ya msumeno wa pembe, ile mashine ya stima ya kukatia mbao digrii 45, ama nyuzi 45 kama mlivyosoma shuleni. Vikundi vingine hapa vimeshanunua kwa pesa za chama, vingine bado vinachanga. Mimi nitasema yale niliyojifunza kwa hasara.

Mwaka wa 2019 kikundi chetu kilipata kazi ya shule moja, fremu 12 za mbao za matangazo. Siku hizo mbao zilikuwa shida. Tangu Februari 2018 serikali ilikuwa imepiga marufuku kukata miti katika misitu ya umma, na sisi wa mpakani tukawa tunategemea sana mbao za ng'ambo, Uganda. Kwa hiyo kila futi ilikuwa na bei yake. Mashine yetu ilikuwa ya mtumba, tuliileta kutoka Busia ikiwa imefungwa nyuma ya boda boda. Jina hilo la boda boda lilizaliwa huku kwetu, nasi twajua jinsi mzigo unavyorushwa njiani.

Kijana wetu alikata, tukaunganisha. Kona ya kwanza ikafunga. Ya pili ikafunga. Ya tatu, sawa. Ya nne ikaachama kama mdomo wa kambare! Tukajaza pengo kwa gundi na unga wa mbao, tukapiga vanishi, tukapeleka. Baada ya wiki chache ule unga ukaanza kudondoka, na shule ikarudisha fremu zote. Walikuwa na haki. Mimi kama fundi mkuu nilisimama mbele ya wanakikundi nikamwambia yule kijana kwamba macho yake hayafai kwa kazi hii. Aliweka tepu juu ya meza akaenda zake.

Sasa sikilizeni hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kufungua mdomo. Fremu moja ina vipande 4, kila kipande kinakatwa ncha mbili, hiyo ni mikato 8. Mashine ikikosea nusu digrii tu, jicho halioni. Lakini nusu digrii mara 8 ni digrii 4, na zote zinakwenda kukutana kwenye kona ya mwisho. Kwa mbao ya upana wa inchi 3, pengo linapita milimita 7. Yule kijana alikuwa anafuata alama ya 45 iliyoandikwa kwenye mashine, na alama ndiyo iliyokuwa inadanganya.

Kabla ya kulaumu mashine, pimeni skwea yenu. Shikilia skwea kwenye ukingo wa mbao ulionyooka, piga mstari kwa penseli. Igeuze upande wa pili, piga mstari mwingine palepale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikipanuka kama miguu ya kuku, hiyo skwea msiitumie tena.

Halafu mashine. Weka kwenye sifuri, kata mbao pana iliyorandwa ikawa na kingo sambamba. Acha kipande kimoja kilivyo, cha pili kigeuze juu chini, uviegemeze vyote kwenye ubao ulionyooka na kuvikutanisha palipokatwa. Vikigusana kote, mko sawa. Mkiona mwanga, kosa la mashine ni nusu ya pengo mnaloliona, maana kugeuza kunaongeza kosa mara mbili. Napenda njia hii kuliko kipimo chochote cha dukani, tena haina gharama.

Kurekebisha, kwanza chomoa waya kwenye stima. Sio kuzima swichi tu, chomoa kabisa. Shusha bledi chini. Weka skwea, mkono mmoja uguse ukuta ule wa nyuma unaoegemeza mbao, mkono wa pili uguse mwili wa bledi. Usiguse meno, kwa sababu meno yametoka nje kidogo na yatakudanganya. Legeza bolti za ukuta, usogeze mpaka skwea iguse kote bila mwanga, kisha kaza kidogo kidogo upande huu na upande ule. Ukikaza upande mmoja kwa nguvu, ukuta unahama tena. Simamisha skwea pia juu ya meza, uone kama bledi imesimama wima. Ndipo ukate vipande viwili kwa 45, uviunganishe, uweke skwea kwenye kona.

Yetu ilikuwa imepigwa na safari. Bolti moja ya ukuta ilikuwa imelegea. Spana na nusu saa, basi.

Hata mashine iliyo sawa inaweza kukata vibaya. Unga ukijaa kati ya mbao na ukuta, pembe imeharibika. Ukisukuma bledi kwa haraka, ama ikiwa butu, inapinda ndani ya mbao. Ngoja izunguke kwa kasi yote ndipo ushushe, na ukimaliza ngoja isimame ndipo uinue. Mkono usikaribie bledi chini ya sentimita 15. Vipande vinavyotazamana viwe urefu mmoja kabisa, fungeni kigingi mezani badala ya kupima kila kimoja kwa tepu. Na mbao mbichi, mama yangu! Ikikauka inasinyaa kwa upana, hata kona iliyofunga vizuri inafunguka upande wa ndani. Msilaumu msumeno kwa hilo.

Kwa wale wasio na stima: kisanduku cha mbao tatu chenye mifereji ya 45 kinafaa sana pamoja na msumeno wa mkono. Lakini mifereji inaliwa na msumeno. Ikianza kucheza, tengeneza kingine.

Yule kijana nilimfuata kwao. Nilimwomba radhi pale nyumbani, halafu nikamwomba tena mbele ya kikundi, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya kikundi. Hakurudi siku ile. Alirudi baada ya mavuno. Ndiye yule ameketi karibu na mashine, naye atawaonyesha jinsi ya kugeuza kipande. Wenye mbao za kujaribia wazilete mbele.