Maarifa yaliyo mikononi

Usiku wa giza mitumbwi ya Magara, Burundi, huingia Ziwa Tanganyika na taa. Mwanga huwavuta samaki wadogo waitwao ndagala, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu.

Mwaka 2003 Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika, na Mamlaka ya Ziwa ina makao yake Bujumbura. Taasisi za namna hii zinahitaji mifumo ya kutunza maarifa, na wapo wanaoshauri mifumo hiyo iige ubongo wa binadamu. Naafiki, ila iige ubongo wote. Kisa cha mgonjwa mmoja chaonyesha kwa nini.

Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutuliza kifafa. Tangu hapo hakuweza kukumbuka mambo mapya. Aliyezungumza naye asubuhi, jioni alikuwa mgeni kwake. Lakini mtafiti Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akitazama kiooni, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuchora.

Basi yapo maarifa yasiyoingia kwenye faili. Kompyuta itatunza idadi ya tani za samaki aina ya mukeke waliovuliwa. Haitatunza mkono unaohisi kamba na kujua sasa ndiyo wakati wa kuinua. Maarifa hayo hurithiwa mtumbwini, kijana akiwa kando ya mzee. Vijana kama huyo wapewe posho ya kujifunza, na wazee wa Magara waitwe mezani kabla tarehe za kufunga uvuvi hazijapangwa.