Mzigo Ukituliwa Tabora



Wiki hii tuzungumzie yoga, yaani yale mazoezi ya kunyoosha viungo na kutawala pumzi yaliyotoka Bara Hindi. Mimi huyafanya alfajiri, juu ya mkeka wa kawaida, na kila ninapoyataja husikia neno moja: "Hata mimi nilianza, nikaacha." Kuanza si kazi. Kazi ni kudumu.

Wenye fani yao walilijua hilo zamani. Kitabu cha kale cha yoga kinachohusishwa na Patanjali kinataja vikwazo tisa vya mwanafunzi, yakiwemo maradhi, shaka na uvivu. Cha tisa ni kufika hatua fulani kisha kushindwa kudumu hapo. Hicho, kwa maoni yangu, ndicho kinachotuangusha wengi, na mfano wake tunao hapa nyumbani: Tabora.

Katika karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mwendo wa kama kilomita 1,200, ilipitia Tabora. Njia hiyo ilipitisha pia watumwa, na aibu hiyo haifutiki. Lakini walikuwapo wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walitoka pwani na msafara wa namna hiyo. Walipita homa na milima ya Usagara, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Wapagazi Wanyamwezi walikuwa wamefika kwao. Wakatua mizigo, kila mtu akashika njia yake. Zikapita kama wiki tano ndipo safari ikaendelea.

Milima na homa viliuchelewesha msafara. Kutua ndiko kulikouvunja.

Ndivyo tulivyo. Fundi cherehani au dereva huanza mazoezi kwa sababu mgongo unamwuma. Anajikaza miezi miwili, maumivu yanapungua, anasema: nimefika. Unaingia msiba, anakuja mgeni, wiki inakuwa mwezi, mkeka wanaulalia watoto. Mgongo ukianza tena, naye anatafuta wapagazi upya.

Simlaumu anayepumzika. Misafara nayo ilipumzika. Nasema pumziko liwe na siku ya kuondoka inayojulikana.

Tena tujifunze kwa wapagazi. Walitoka alfajiri, wakapiga kambi kabla jua halijawa kali. Mzigo wao ulipimwa: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nazo ukizigawa hazifiki 22 kwa siku, yoga na kutembea kwa pamoja. Na hawakwenda peke yao, kirangozi alitangulia. Nawe mtafute jirani mmoja wa kukugongea mlango. Chumba cha kupanga kinatosha, na wanaochungulia dirishani watazoea. Mwenye maradhi au mjamzito amwone daktari kwanza.

Burton na Speke walilifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858. Wasingelifikia kama wangeridhika na kivuli cha Tabora.