Bustani ya Gunia na Safari ya Nyumbani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo tumekuja na habari ya mboga, lakini si habari ya kupanda tu. Kupanda mnajua kutushinda. Tunataka tuongee juu ya mboga wakati mwenyewe hayupo.

Ninyi mlio hapa kijijini huwapokea watu wetu wa Nairobi kila Agosti na kila Desemba. Wanashuka kwenye basi na watoto na mizigo, wanakaa wiki mbili hivi, halafu wanarudi. Je, mmewahi kuwauliza shamba wamemwachia nani? Mtasema, Kibera kuna shamba gani? Nyumba ni chumba kimoja na mlango unatazamana na wa jirani. Shamba liko. Liko ndani ya gunia.

Gunia lenyewe hutengenezwa hivi. Chukua mkebe mkubwa uliokatwa juu na chini, usimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo. Kuzunguka mkebe jaza udongo uliochanganywa na mbolea ya mbuzi au ya kuku iliyooza vizuri. Vuta mkebe juu kidogo, tia mawe tena, tia udongo tena, mpaka gunia lijae. Yale mawe ndiyo njia ya maji kufika chini. Toboa matundu ubavuni upande sukuma wiki au spinachi. Juu panda vitunguu na dania.

Magunia haya yalienea sana Kibera mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kulikuwa na ghasia, reli inayopita Kibera iling'olewa, na chakula kikawa haba na ghali. Shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilisaidia wakazi kuanza bustani za magunia. Mwaka huohuo vijana wa Kibera waliondoa takataka kwenye jalala, wakapalima mboga. Na mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini.

Sasa, gunia lina udhaifu mmoja: halina akiba. Shambani mzizi huteremka kutafuta unyevu, lakini ndani ya gunia hauna pa kwenda. Na maji ya Kibera na Kawangware wengi huyanunua kwa mtungi wa lita 20. Kwa hiyo anayesafiri hamwachii jirani kazi ya mikono peke yake, anamwachia na gharama. Hapo ndipo bustani hufa, na ujirani nao huumia.

Tuwaambie ya mama mmoja wa Kawangware, wa kikundi tunachokitembelea. Machi 2020 alikwenda kwao Vihiga kwa matanga, akitegemea kukaa wiki mbili. Tarehe 6 Aprili serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona. Zuio hilo liliondolewa Julai. Wiki mbili zikawa zaidi ya miezi mitatu, na magunia yake manne yako mlangoni kwa watu.

Aliporudi alikuta magunia sita! Sukuma wiki ilikuwa imepanda kufika kifuani, shina tupu chini na majani mabichi juu, kama mti uliochumwa vizuri. Jirani alikuwa ameng'oa machipukizi ya ubavuni akayapanda kwenye magunia mengine mawili. Majani yaliyozidi aliyauza, na pesa hiyo ikanunua maji. Jioni ile alimchumia mwenziwe mboga, akamwambia, "Karibu dada, hizi ni zako."

Mjue kwamba hawa wawili si wa kabila moja, na Kawangware iliona ghasia mwaka 2008 na tena Oktoba 2017. Tulimuuliza jirani amewezaje. Alijibu, "Mimi sikuwa nachunga mboga ya mtu. Nilikuwa nakula."

Ndugu zangu, hebu tulishike neno hilo. Wengi wetu tukisafiri tunamwambia jirani, "Niangalizie, usiguse." Lakini mboga ya majani huishi kwa kuchumwa. Sukuma wiki isiyochumwa, majani ya chini hugeuka manjano na vidukari hujificha chini yake. Managu isiyochumwa hutoa maua na matunda, majani yakapungua. Ukimkataza jirani kuchuma, umemnyima mshahara wake na umeua bustani kwa wakati mmoja.

Basi kabla ya kupanda basi, kubalianeni mambo manne mbele ya kikundi.

Kwanza, anayemwagilia ndiye anayechuma, na aanzie majani ya chini.

Pili, pesa ya maji itoke wapi. Agosti Nairobi ni baridi na mawingu, gunia hukauka polepole. Januari ni jua kali, kwa hiyo safari ya Krismasi inayofika Januari huhitaji maji mengi zaidi. Maji yaliyooshea mboga yanafaa. Maji ya mtaro wa choo hayafai kabisa, yanaleta maradhi.

Tatu, wawe watu wawili. Desemba hata jirani husafiri. Katibu aandike nani anabaki.

Nne, mwenyewe akirudi, ashukuru kwanza kabla ya kuhesabu majani.

Na ninyi wa kijijini msiseme haya ni ya mjini. Mtu hulazwa hospitalini, hujifungua, huenda matanga ya mbali. Kikundi ambacho kitalu chake hukauka kwa sababu mtu mmoja ameugua, bado hakijawa kikundi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mwanachama wetu akiondoka kwa mwezi mzima, nani atamwagilia, na atapata nini?

2. Je, kuna jirani tunayeogopa kumwachia mboga zetu? Hofu hiyo ilitoka wapi, na tuanzie wapi kuiondoa?

3. Kabla ya Desemba, kikundi chetu kitaandika makubaliano gani?